Mkono wa Birika

Saa tatu kasoro robo usiku, mjomba alikuwa anapuliza kibatari. Hakuuliza nani anasoma wala nani bado anatafuta kandambili chini ya kitanda. Fuu! Halafu unasikia miguu yake ikiburuzika kwenda chumbani, kikohozi kimoja, kimya. "Mafuta ya taa hayachotwi kisimani," ndiyo ilikuwa hoja yake, na sikumbuki mtu aliyewahi kuijibu.

Nilikaa kwake miaka 4 ya sekondari, kwenye mji mdogo kando ya Reli ya Kati. Alikuwa na duka: sukari, chumvi, sabuni ya mche, viberiti, dawa za malaria na hayo mafuta ya taa yenyewe. Sukari aliipima kwenye karatasi, na mizani ikishatulia sawasawa alichota punje kidogo kwa ncha ya kijiko akazirudisha guniani. Nimeona kwa macho yangu. Mtaani walimwita Mkono wa Birika, kwa kuwa mkono wa birika ulikunjwa tangu kiwandani na hautakunjuka hadi siku birika linatupwa. Alijua. Siku moja watoto walimtuma mwenzao aingie kuulizia birika, wao wakabaki nje wamejiziba midomo. Mjomba akamtajia bei.

Scrooge, bahili wa hadithini anayetokewa na mizuka usiku mmoja, nilikutana naye mwaka wangu wa pili pale. Maktaba ya shule ilikuwa kabati moja lenye kufuli, na ufunguo alikaa nao mwalimu wa Kiingereza. Akanipa A Christmas Carol ya Charles Dickens, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, toleo lililofupishwa kwa ajili ya wanafunzi, kitabu chembamba kilichokwisha kupoteza jalada. Nilikisoma mchana dukani, nimekalia gunia la sukari, mjomba yuko hatua mbili mbele yangu anapanga sarafu. Mzee wa kitabuni anahesabu hela, mzee wa dukani anahesabu hela, na mimi katikati nasubiri mizuka.

Mizuka haikuja. Kwa miaka mingi hilo ndilo lililokuwa lalamiko langu kwa Dickens.

Kitabu kizima nilikuja kukisoma ukubwani, Dar es Salaam, na humo nikakuta sentensi ambayo wale wafupishaji walikuwa wameitupa. Scrooge anapanda ngazi za nyumba yake usiku, nyumba kubwa, giza tupu, na wala hajali. Giza ni rahisi, anasema msimulizi, na Scrooge alilipenda. Nilicheka kwa sauti ndani ya daladala, konda akanigeukia.

*

Kabla sijaendelea, nitenganishe maneno mawili, maana nyumbani kwetu hayakuwa kitu kimoja. Bahili ni mtu wa hela. Neno lenyewe limetufikia kutoka Kiarabu. Mchoyo ni mtu wa chungu: anayefunika sufuria akisikia hodi, anayekula embe amewapa wenzake mgongo. Mama yangu aliweza kumsamehe bahili, hata kumtania. Mchoyo hakumsamehe. "Bahili anakunyima chake," alikuwa akisema, "mchoyo anakunyima mate yako mwenyewe." Sijui alilitoa wapi hilo, lakini nimelibeba.

Waandishi wa kale waliwapenda mabahili sana, na wengi hawakuwa na haja ya kuwaokoa. Al-Jahiz, mwanazuoni wa Basra wa karne ya 9, aliwaandikia kitabu kizima, na mabahili wake ni wajuzi wa kujieleza: wana hoja, wana mifano, wanakushawishi hadi unakaribia kuzima taa yako mwenyewe. Harpagon, bahili wa tamthilia ya Mfaransa Molière, aliyepandishwa jukwaani Paris mwaka 1668, anamaliza tamthilia akiwa vilevile alivyoianza, anakimbilia kuliona sanduku lake la fedha. Karuni wa kwenye Kurani, aliyekuwa na hazina ambazo funguo zake tu ziliwaelemea watu wenye nguvu, alimezwa na ardhi pamoja na nyumba yake. Na Shylock, mkopeshaji Myahudi wa Shakespeare, ambaye sisi tunamfahamu kwa Kiswahili tangu Mwalimu Nyerere alipomtoa mwaka 1969 katika Mabepari wa Venisi, anaondoka mahakamani akiwa amenyang'anywa mali na dini kwa mkupuo mmoja. Huyo sisemi aligeuka. Aligeuzwa. Kiswahili kinatusaidia hapa kwa herufi mbili tu.

Kwa hiyo bahili anayegeuka mwenyewe, kwa hiari yake, ni mgeni kidogo katika fasihi. Scrooge ndiye maarufu kuliko wote, na nadhani tumemsoma vibaya. Mimi nilimsoma vibaya kwa miaka 20.

*

Kwa asiyeijua hadithi: London, mkesha wa Krismasi. Ebenezer Scrooge, mkopeshaji, amekataa mwaliko wa mpwa wake, amewafukuza mabwana wawili waliokuja kuchangisha kwa ajili ya maskini, na karani wake Bob Cratchit anaota moto wa kipande kimoja cha makaa. Usiku anatokewa na mshirika wake Jacob Marley, aliyekufa miaka 7 iliyopita, amefungwa mnyororo wa visanduku vya fedha, funguo, makufuli, na madaftari ya hesabu. (Niliposoma mnyororo ule nilimkumbuka Karuni na funguo zake. Tofauti ni kwamba Marley hana wa kumbebea.) Kisha inakuja mizuka mitatu: wa Krismasi iliyopita, wa Krismasi ya sasa, na wa Krismasi ijayo. Huyo wa tatu hasemi neno. Anamwonyesha kaburi lenye jina lake. Asubuhi Scrooge anaamka mtu mwingine.

Ukimwuliza yeyote kilichombadilisha, atakwambia kaburi. Na kwetu jibu hilo linaingia kirahisi, kwa sababu tumelelewa na mawaidha. Msikitini na kanisani, kaburi ndilo mwalimu wa kwanza. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alilitumia hivyohivyo katika utenzi wake wa Al-Inkishafi, akauchukua moyo wake mwenyewe akautembeza kwenye majumba ya mabwana waliokwisha kufa: popo wananing'inia, na madaka yaliyowekwa sahani za thamani yamekuwa malalo ya makinda ya ndege. Angalia, moyo. Ona.

Lakini rudi kwenye kitabu cha Dickens uangalie mambo yanavyofuatana. Kaburi liko kwenye sehemu ya nne kati ya tano. Mkono wa Scrooge unaanza kukunjuka kwenye sehemu ya pili. Mzuka wa kwanza unamwonyesha yeye mwenyewe akiwa mtoto, ameachwa peke yake shuleni wenzake wakiwa likizo, na Scrooge analia, halafu anasema jambo dogo sana. Jana usiku, anasema, kuna mtoto alikuja kuimba mlangoni kwangu. Ningependa ningempa kitu.

Basi. Hakuna jeneza hapo wala kuzimu. Ni mtoto mmoja aliyemkumbusha mtoto mwingine.

Baadaye kidogo anamwona Fezziwig, tajiri wake wa zamani, akiwafanyia vijana wa kazi sherehe ya Krismasi. Mzuka unamchokoza: ametumia pauni tatu au nne tu, anastahili sifa zote hizo? Scrooge anashikwa na joto, anajibu kwamba furaha anayoitoa mtu yule ni kubwa sawa na kama ingemgharimu utajiri mzima. Anajisikia akisema hivyo, ananyamaza. Mzuka unamwuliza kulikoni. Natamani, anasema, ningeweza kuzungumza neno moja au mawili na karani wangu sasa hivi.

Halafu anakuja Belle, mchumba aliyemwacha. Belle hamwambii tu kwamba ana tamaa. Anamwambia pia unauogopa ulimwengu kupita kiasi. Hilo ndilo lililonikalisha chini. Ubahili wa Scrooge ulitokana na woga: kuogopa umaskini, kuogopa kuachwa tena kwenye darasa tupu. Sasa mtu aliyeugua kwa woga utamtibu vipi kwa kumwogopesha zaidi? Nimewaona watu walioogopeshwa sana na kifo. Wanaandika wosia, wanabadilisha makufuli.

*

Dickens aliujua woga huo kwa jina. Mwaka 1824, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 12, baba yake alitiwa gereza la wadaiwa la Marshalsea kwa deni la mwoka mikate, pauni 40 na shilingi 10. Charles alikuwa tayari kwenye kiwanda cha dawa ya viatu kando ya mto Thames, kazi yake kufunika vikopo na kubandika lebo, kutwa nzima, kwa shilingi 6 kwa wiki. Baba alipotoka gerezani, mama alitaka mtoto aendelee na kiwanda. Dickens aliandika akiwa mtu mzima kwamba hilo hakuweza kulisahau.

Kitabu chenyewe alikiandika kwa takriban wiki 6, kuanzia Oktoba 1843, akiwa na miaka 31, mtoto wa tano yuko njiani na riwaya aliyokuwa akiitoa wakati huo inauzwa vibaya. Alihitaji hela. Aligharamia uchapishaji mwenyewe, akang'ang'ania kingo za dhahabu na picha za rangi, na nakala 6,000 za kwanza zikaisha kati ya 19 Desemba na Krismasi. Alitarajia pauni 1,000, akapata kama 230. Januari wakatokea wezi wakachapa toleo lao. Akawashtaki, akashinda, wao wakajitangaza wamefilisika, na gharama za kesi, kiasi cha pauni 700, zikamwangukia mshindi. Ndiyo malipo ya kuandika dhidi ya kupenda fedha.

Jambo lingine linanichekesha kwa uchungu. Kitabu kiliuzwa shilingi 5. Bob Cratchit analipwa shilingi 15 kwa wiki. Yaani Bob angetaka kujisoma, angetoa theluthi moja ya mshahara wa wiki. Na hiyo shilingi kwa Kiingereza cha mitaani iliitwa bob, kwa hiyo Dickens anatania kwamba kila Jumamosi Bob anatia mfukoni nakala 15 za jina lake. Watafsiri wengi wanakwama kwenye utani huo. Msomaji wa Nairobi hakwami, maana shilingi ilipoletwa kwetu na Waingereza mwaka 1921 jina lake la utani lilikuja nalo, na hadi leo matatu ni hamsini bob.

Na wale mabwana wawili wa mchango waliofukuzwa? Majibu aliyowapa Scrooge hayakuwa ya kichaa mmoja. Kwani hakuna magereza, aliwauliza, nyumba za kazi zimefungwa? Nyumba hizo zilikuwa sera ya nchi, chini ya Sheria ya Maskini ya 1834: maskini asaidiwe ndani ya jengo lililofanywa gumu makusudi, ili asitamani kusaidiwa. Na aliposema kama wanaona heri wafe basi wafe, wapunguze watu waliozidi, alikuwa anarudia maneno ya watu waliosoma vizuri, wenye vitabu vya Malthus, mchumi aliyeonya kwamba watu huongezeka kuliko chakula, kwenye rafu. Scrooge alikuwa raia mwema. Alilipa kodi, hakuiba, hakulala na deni la mtu. Kila hesabu yake ilikuwa sawa kwa senti.

Hapo ndipo nilipogundua nilichokuwa nimekikosa.

*

Angalia asubuhi ile anapoamka. Tunamkumbuka akicheka na kurukaruka na soksi. Lakini sikiliza anavyotoa hela. Anamtuma mtoto wa mtaani akamwite mwenye duka la bata mzinga: ukirudi naye nitakupa shilingi moja, ukirudi ndani ya dakika 5 nitakupa nusu krauni, yaani shilingi 2 na nusu. Huyo ni mfanyabiashara! Mizuka mitatu imepita na bado anapanga malipo kwa muda. Kisha barabarani anakutana na mmoja wa wale mabwana wa mchango, anamnong'oneza kiasi fulani sikioni, bwana yule pumzi zinamwishia. Scrooge anamwambia: wala senti moja chini ya hapo. Humo ndani kuna malimbikizo mengi ya nyuma, nakuhakikishia.

Malimbikizo. Neno la ofisi ya mhasibu. Mtumishi wa umma wa Tanzania akilisikia moyo unamdunda.

Scrooge hakutupa daftari. Alilifungua upya akakuta kuna kurasa ambazo hakuwahi kuziandika. Fezziwig hakuandikwa. Dada yake mdogo Fan, aliyekuja shuleni kumchukua arudi nyumbani, hakuandikwa. Amekufa, na mtoto wake ndiye yule mpwa anayefukuzwa kila Krismasi. Karani anayetetemeka kwenye chumba cha nje kwa miaka yote hiyo hakuandikwa ila kwa shilingi 15. Mtu aliyejigamba hadaiwi na yeyote akakuta anadaiwa na kila mtu. Ndiyo maana nasema hakupata moyo mpya kama tunavyopenda kusema. Alikuwa mtu wa hesabu, akaendelea kuwa mtu wa hesabu, ila hesabu ikageuka upande.

Kuna mzee mwingine wa namna hii, na tunamjua tangu utotoni. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko, aliyepanda mkuyu kwa ufupi wake. Wakenya walipombandika rais wao jina hilo kwa sababu ya kodi, na vijana wakaimba "Zakayo shuka" barabarani mwaka 2024, walichukua nusu ya kwanza ya hadithi, na sina ugomvi nao, ndiyo iliyowauma. Lakini nusu ya pili iko kwenye Luka 19, nayo ni ya kihasibu kabisa: nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Zakayo kashuka kwenye mti akiwa na asilimia mkononi. Hakusema atakuwa mtu mwema. Alitaja viwango.

Kati ya watu ambao kitabu kinawaonyesha wakipokea habari za kifo cha Scrooge, katika ile Krismasi ijayo, kuna mke na mume vijana wanaodaiwa naye. Wanaposikia amekufa nyuso zao zinang'aa, halafu mke anaona aibu kwa kufurahi. Deni halijafutwa, wana matumaini tu kwamba atakayelirithi hatakuwa na roho ngumu hivyo, na wao watapata nafasi ya kukusanya hela. Hiyo ndiyo hisia pekee ya kweli ambayo mzuka uliweza kumtafutia baada ya kuomba aonyeshwe mtu aliyeguswa na kifo kile. Kwangu ukurasa huo ni mzito kuliko kaburi.

*

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa fasihi, hampendi Scrooge. Anasema usiku mmoja hautoshi. Anaona bahili wa kweli ni Silas Marner wa George Eliot, ambaye kwa jina lake halisi alikuwa Mary Ann Evans, na riwaya ilitoka 1861. Tumebishana sana, chai imepoa mara nyingi, na nusu ya ubishi nimeshindwa.

Silas ni mfumaji wa kitani. Ujanani alisingiziwa wizi wa fedha za kanisa na rafiki yake wa chanda na pete. Kura ikapigwa mbele ya waumini, ikamwangukia. Mchumba wake akaolewa na rafiki huyohuyo. Akahama akaenda kijiji cha Raveloe, haamini Mungu wala mtu, akafuma miaka 15. Sarafu za dhahabu alizifukia chini ya matofali ya sakafu, karibu na kitanda cha kufumia. Usiku anafunga mlango, anazitoa, anazimwaga, anazipapasa. Hazinunui kitu. Ni wenzake. Anapoibiwa anakwenda kuripoti kilabuni, na kiasi anakitaja bila kusita: pauni 272, shilingi 12 na peni 6. Mkesha wa mwaka mpya mtoto wa miaka miwili, ambaye mama yake amefia kwenye theluji nje, anaingia kupitia mlango ulioachwa wazi na kulala mbele ya moto. Silas haoni vizuri kwa mbali. Anaona kitu cha dhahabu pale chini, anadhani hela zake zimerudi, ananyoosha mkono, na badala ya sarafu ngumu vidole vinakutana na nywele laini.

Rafiki yangu akifika hapo hunyamaza kidogo, kama vile ameiandika yeye.

Na ana haki. Mabadiliko ya Silas yanachukua miaka 16: nguo za kitoto, mtoto kukata kamba akatoroka, jirani mwanamke kumfundisha kuogesha mtoto. Shimo la mawe linapokauka na mifupa ya mwizi ikaonekana pamoja na mifuko ya dhahabu, zile sarafu zinarudi mezani na hazina tena uchawi. Zimekuwa hela tu. Eliot anajua kwamba mkono hukunjuliwa kidole kimoja kimoja, tena na mtu anayehitaji kushikwa.

Nilichombishia ni hiki: Silas hakumdai wala kumdhulumu mtu. Alikuwa mfiwa aliyejifariji na sarafu. Kumbadilisha mfiwa ni jambo moja. Scrooge alikuwa na karani. Bahili mwenye karani, mwenye wapangaji, mwenye wakopaji, hawezi kukaa miaka 16 akijifunza upendo taratibu wakati karani ana mtoto mgonjwa. Tiny Tim, mtoto huyo, hangesubiri. Kwa bahili wa namna hiyo usiku mmoja ni mwingi.

*

Nimewasema wazee hawa kama vile mimi ni mtu wa mkono wazi. Mke wangu akisoma hapa atacheka. Mwezi uliopita niliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la mchango wa harusi ya mtoto wa mtu ambaye mara ya mwisho tuliongea naye kwenye harusi nyingine. Nililiweka kimya. Mwenyekiti wa kamati aliporusha orodha ya ahadi na kunitaja, nikasubiri ujumbe mwingi upite juu yake ndipo nikaandika "Amina." Najua watu wenye uwezo mdogo kuliko wangu ambao hawafanyi hivyo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nimeifundisha kwa wanangu, nikiwa nimeketi juu ya simu.

Mjomba hakuwahi kugeuka. Lakini marehemu mama aliwahi kunieleza jambo ambalo sikulitilia maanani. Mwaka 1983, nchi ilipokuwa kwenye msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, mjomba aliingiwa na hofu akamwaga usiku magunia 2 ya sukari kwenye shimo la choo. Sukari aliyoinunua kihalali, risiti zipo. Aliogopa tu. Asubuhi yake, mama alisema, alikaa juu ya ngazi ya duka hadi adhuhuri. Nikikumbuka kile kijiko kinachochota punje kwenye mizani, sasa naona magunia 2.

Nilipopata kazi, mwaka 1999, mshahara wa pili nilimpelekea zawadi. Alishukuru, akaingia chumbani, akatoka na karatasi aliyoichana kwenye daftari la madeni. Juu jina langu, chini orodha ya miaka 4. Ada. Nauli. Kandambili jozi 2. Sabuni nusu mche, sabuni nusu mche, sabuni nusu mche. Klorokwini. Kalamu. Mwisho wake jumla: Sh 41,350. Nilihisi damu ikinipanda kichwani. Nililipa siku ileile, palepale, bila kuzidisha hata shilingi, naye akaandika "Imelipwa" akanipa karatasi. Miaka mingi nilikuwa naisimulia kwenye vikao na watu wanashika mbavu.

Karatasi ile iko nyumbani. Wiki iliyopita nilipokuwa narudia Dickens kwa ajili ya makala hii, nimeikuta ndani ya kitabu, nilikuwa naitumia kama alama ya ukurasa. Nikaisoma yote, mstari kwa mstari, jambo ambalo sijui kama niliwahi kulifanya. Siku ile nilitazama jumla tu. Mistari 63. Nikarudia. Sabuni ipo. Klorokwini ipo, vidonge vimehesabiwa. Hakuna unga. Hakuna maharage, hakuna dagaa, hakuna chai ya asubuhi wala mkate wa sikukuu. Miaka 4, kijana wa miaka 15 mwenye njaa ya kijana wa miaka 15, na hakuna mstari hata mmoja wa chakula.

Nikampigia. Ana miaka 81, duka amemwachia binti yake, macho yamepungua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikamwuliza kuhusu ile karatasi ya mwaka 1999, kama anaikumbuka. Anaikumbuka. Alinitajia jumla.

"Mjomba, mbona hukuandika chakula?"

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Chakula?" akasema, kama vile nimetamka tusi mbele ya wageni. "Chakula nacho huandikwa?"

Nikawa sina la kusema. Nikamsikia anahema.

"Hii simu inakula hela ya nani?"

"Yangu, mjomba."

"Basi kata."